Kati ya galaksi na galaksi pana nini? Na kama hapana kitu, mbona hazijagusana?

#1 Mlinzi wa Usiku
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mlinzi wa ghala huku Kibaha, zamu ya usiku, huu mwaka wa sita. Juzi tulibishana na mwenzangu mpaka kahawa ikapoa. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba galaksi yetu, huu mkusanyiko wa nyota tunamoishi, na jirani yake mkubwa, Andromeda, zimeachana miaka ya nuru milioni 2.5, yaani umbali ambao mwanga unausafiri kwa miaka hiyo yote. Nikamuuliza, hapo katikati pana nini? Akasema hapana kitu. Nikamwambia basi umejipinga mwenyewe. Mimi na wewe tukisimama, na katikati yetu pasiwe na kitu chochote, maana yake tumegusana. Kama galaksi hazijagusana, lazima pana kitu kinachozitenga. Akaniambia nimezidiwa na usingizi.

Hoja naileta kwenu: utupu haupo. Kila panapoitwa patupu pana kitu ambacho hatujakipa jina. Wajuvi njooni, wabishi pia, usiku ni mrefu.

#2 Kisoda
Utupu upo mkuu. Fungua pochi yangu kila tarehe 20.

#3 Nusu Kilo
Nimetandika mkeka mstari wa mbele. Bibi Falaki yuko wapi?

#4 Mbishi Daima
Mlinzi, unachanganya "hakuna kitu" na "hakuna nafasi". Chumba ukikihamisha vyombo vyote kinabaki chumba, kuta haziji kukumbatiana. Huko kati ya galaksi ni sifuri tupu: hakuna hewa, hakuna mwanga, baridi ni nyuzi 273 chini ya sifuri. Chombo cha anga Voyager kiko huko tangu 2012 na ndicho kinachotuma taarifa. Uzi ufungwe.

#5 Bibi Falaki
Usifunge mwanangu. Umeandika aya moja, umekosea mara nne. Nimefundisha fizikia miaka 31, mkono unaniwasha kalamu nyekundu.

Voyager 1 haijafika huko na haitafika. Agosti 2012 ilivuka mpaka wa upepo wa Jua ikaingia nafasi iliyo kati ya nyota na nyota, ndani ya galaksi hii hii yetu. Inakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, mwaka mmoja wa nuru inaumaliza kwa miaka zaidi ya 17,000. Hata kama ingeelekezwa Andromeda moja kwa moja, ingehitaji miaka kama bilioni 44, na ulimwengu wenyewe una bilioni 13.8 tu.

Mwanga upo. Kila sentimita moja ya ujazo, hata huko mbali kabisa, ina fotoni (chembe za mwanga) 400 na ushei za mwanga wa kale uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Kwa sababu ya huo, baridi yake haifiki sifuri halisi, hiyo 273 yako ya chini, inaishia nyuzi 2.7 juu yake. Wanasayansi wawili, Penzias na Wilson, waliunasa kule New Jersey, Marekani, mwaka 1964. Antena yao ilikuwa na mlio usiokwisha, wakashuku kinyesi cha njiwa, wakasafisha, mlio ukabaki pale pale. Mwaka 1978 wakapewa tuzo ya Nobel. Mliokuwa na televisheni za zamani mnakumbuka chenga? Sehemu ndogo ya zile chenga, kama asilimia moja, ilikuwa mwanga huo.

Na gesi ipo. Ukichukua wastani wa ulimwengu mzima, utapata protoni moja katika kila mita nne za ujazo. Hewa iliyomo chumbani mwako ina molekuli 25 zikifuatwa na sifuri 24 kwa mita moja tu. Kwa hiyo ni kidogo mno, lakini ipo. Mlinzi kaukaribia ukweli kuliko wewe, ingawa njia aliyopita siikubali.

#6 Kisoda
Watu wamepewa Nobel kwa kusafisha kinyesi cha njiwa. Mimi nafuga njiwa Buguruni miaka kumi, hata cheti sina.

#7 Fundi Grenda
Bibi shikamoo. Hapo kwenye baridi umenichanganya. Nilisoma mahali kwamba gesi iliyo kati ya galaksi ina joto la nyuzi laki hadi milioni. Sasa ni baridi ya 2.7 au moto wa milioni? Chagueni moja.

#8 Bibi Falaki
Marahaba. Vyote viwili ni kweli. Nikuulize kwanza: cheche za grenda zikikurukia mkononi zinakuunguza?

#9 Fundi Grenda
Haziunguzi kihivyo. Natengeneza mageti na madirisha tangu 2009, cheche zinaruka hadi shingoni, nyekundu kabisa, unahisi kama umechokozwa na sisimizi. Lakini maji ya chai yalinimwagikia mguuni 2016, nyuzi 100 tu, kovu hili hapa mpaka leo.

Aisee. Nimeelewa kabla hujajibu. Cheche ina moto mkali ila haina mzigo.

#10 Bibi Falaki
Ndivyo. Nyuzi zinapima kasi ya chembe, hazipimi wingi wake. Huko chembe moja moja zina kasi ya ajabu, lakini ni chache kiasi kwamba zisingekupa joto hata la kukausha leso. Wewe ungepoa taratibu, joto lako likitoka kwa mnururisho, yaani kama mionzi, huku umezungukwa na "moto" wa nyuzi milioni.

#11 Mwana wa Ngomeni
Assalaam aleikum. Hapo kwa gesi ya moto niruhusuni niingie kwa mguu wa kulia, maana habari hii ilianzia kwetu.

Kaskazini ya Malindi, baharini mkabala wa kijiji cha Ngomeni, kuna jukwaa la chuma liitwalo San Marco. Waitaliano walilisimamisha miaka ya sitini wakirushia roketi kutoka hapo kwa ushirikiano na NASA. Walipapenda kwa kuwa ni karibu na ikweta: dunia yenyewe inakusaidia kwa mzunguko wake, na setilaiti inakaa kwenye njia ya ikweta bila shida.

Tarehe 12 Desemba 1970 walirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama anga kwa eksirei. Ilikuwa sikukuu ya Kenya kutimiza miaka saba ya kujitawala. Marjorie Townsend, mama aliyeongoza mradi upande wa NASA, akaipa jina UHURU. Sio tafsiri, ni neno lenyewe, na ndivyo inavyoandikwa kwa vitabu vya sayansi hadi leo, hata vya Wajapani.

Na iliona nini? Iliona kwamba mafungu makubwa ya galaksi, kama lile la Virgo, la Coma na la Perseus, yanang'aa kwa eksirei. Mng'ao haukuwa wa galaksi moja moja, ulitanda fungu zima. Maana yake katikati ya galaksi mna gesi, na ina joto la nyuzi makumi ya milioni. Tena gesi hiyo ukiipima ina uzito mara kadhaa kuliko nyota zote za galaksi za humo zikiwekwa pamoja! Riccardo Giacconi, aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo, alipata Nobel 2002.

Babu yangu alikuwa mvuvi. Alitusimulia kwamba siku za roketi waliambiwa wasisogee, wakakaa pwani kutazama moshi. Yeye alilalamikia siku moja ya kamba waliopotea, hakujua habari za Virgo.

#12 Nusu Kilo
Ngoja kwanza. Yaani gesi ya kati ya galaksi ilionekana kwa chombo chenye jina la Kiswahili, kikatokea Malindi, na mimi nimemaliza kidato cha sita sijasikia?

#13 Kisoda
Ulikuwa unajifunza jinsi ya kusafisha kinyesi cha njiwa.

#14 Mbishi Daima
Hadithi ya #11 ni nzuri, siibishii. Ila mnapeleka uzi kando. Mlinzi kauliza kati yetu na Andromeda. Uhuru iliona gesi ndani ya mafungu, penye galaksi mamia zilizobanana. Hiyo ni sawa na kupima hewa ya Kariakoo ukasema ndivyo ilivyo porini Selous. Nje ya mafungu pana nini?

#15 Bibi Falaki
Nakupa alama, hilo swali ni sahihi. Na lilisumbua watu miaka mingi.

Galaksi hazikutawanywa ovyo kama mchele uliomwagika. Zimejipanga kwenye nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na kati ya nyuzi pana matundu makubwa yenye galaksi chache sana. Mwaka 1981 Robert Kirshner na wenzake walitangaza tundu moja upande wa kundinyota la Boötes, lenye upana wa miaka ya nuru milioni mia tatu hivi. Ndani yake zimeshapatikana galaksi kadhaa tu, makumi, pahali ambapo ungetegemea maelfu.

Tatizo likawa hili. Hesabu za mwanzo wa ulimwengu zilisema maada ya kawaida, hii ya atomi, inapaswa kuwa kiasi fulani. Wakihesabu nyota, gesi ya galaksi na gesi ya mafungu, wanakosa sehemu kubwa, kama theluthi hadi nusu. Imejificha wapi? Ilidhaniwa iko kwenye nyuzi za huo utando, nyembamba mno kuonekana. Mwaka 2020 timu ya Jean-Pierre Macquart, kwa darubini ya redio ya ASKAP kule Australia, ikaja na njia nzuri. Kuna milipuko ya redio inayotoka galaksi za mbali, inadumu sehemu ndogo ya sekunde. Ikipita kwenye gesi, mawimbi ya masafa ya chini huchelewa kuliko ya juu. Ukipima yamechelewana kiasi gani, umehesabu elektroni za njiani. Hesabu ikatoka sawa na iliyotabiriwa.

#16 Dereva wa Tunduma
Bibi, hiyo ni mlima Kitonga kabisa. Basi tupu na lori la saruji yakitoka Mikumi pamoja, Iringa hayafiki pamoja. Na mtu aliyekaa Iringa akipima tofauti ya saa, atajua mlima una ukali gani bila kuuona.

#17 Bibi Falaki
Miaka 31 ya kufundisha, sikuwahi kupata mfano kama huo. Asante dereva.

#18 Mdadisi
Nyote mnajibu swali la fizikia, lakini Mlinzi aliuliza la falsafa. Tofauti ni kubwa. Hata ukiondoa ile protoni moja, ukaondoa fotoni zote, bado swali lake limesimama: kinachobaki ni kitu au si kitu?

Na Mlinzi, usimjali mwenzako wa zamu. Hoja yako neno kwa neno ni ya Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa. Mwaka 1644 aliandika kwamba ukiweza kukifanya chombo kiwe kitupu kweli kweli, kuta zake zingegusana, kwa sababu umbali ni sifa, na "hakuna kitu" hakiwezi kuwa na sifa. Kabla yake Aristotle naye alikataa utupu. Upande wa pili alikuwepo al-Razi, yule tabibu wa Uajemi, aliyesema nafasi ipo yenyewe, iwe na kitu au isiwe nacho. Sasa chekesho ni kwamba mwaka mmoja kabla ya Descartes kuchapisha, 1643, wanafunzi wa mawazo ya Galileo huko Italia, Torricelli na mwenzake, waligeuza mrija wa zebaki juu chini. Zebaki ikashuka, juu pakabaki patupu. Kuta za mrija hazikugusana.

#19 Mlinzi wa Usiku
Kwa hiyo nimekosea pamoja na Mfaransa mwenye kitabu. Naikubali hiyo kampani.

Lakini Mdadisi, huo mrija wa zebaki una kioo pande zote. Kioo ndicho kilichozuia kuta kukutana. Galaksi hazina kioo. Zimeshikiliwa na nini zisigusane?

#20 Mbishi Daima
Mwendo. Kwani Mwezi na Dunia vimeshikiliwa na kioo?

#21 Nusu Kilo
Leo Mbishi kaamka vizuri.

#22 Mdadisi
Mbishi kajibu kwa upande wa Newton. Newton aliona nafasi kama ukumbi: upo hata wageni wasipokuja. Mwanafalsafa Leibniz akambishia kupitia barua na Clarke, mtetezi wa Newton, 1715 na 1716, kwamba hakuna ukumbi, kuna wageni tu na jinsi walivyokaa. "Mbali" na "karibu" ni habari za wageni wenyewe, kama vile ujomba ulivyo kati ya watu wawili. Ujomba hauwezi kuuokota njiani ukiwa peke yake.

Baadaye wanafizikia wakajaza ukumbi kwa etha, kitu cha kubebea mwanga. Michelson na Morley wakaitafuta 1887, hawakuona dalili. Einstein 1905 akasema haihitajiki. Kisha yeye huyo huyo, 1915, akaja na nafasi inayopinda na kujikunja kwa uzito wa vitu. Sasa kitu kinachopinda utasema si kitu? Mimi nipo upande wa Leibniz moyoni, lakini hapo huwa natetereka.

#23 Kisoda
Mfano wa mjomba nimeuelewa. Wangu naye yupo mbali hata akikaa jirani.

#24 Mtu wa Maskati
Salaam kutoka Oman. Mimi nafanya kazi huku, na likizo huwa tunakwenda jangwani. Hiyo Andromeda mnayoitaja tunaiona kwa macho, bila darubini, kama alama ya kidole chenye unga. Abdurrahman al-Sufi aliiandika mwaka 964 akaiita wingu dogo. Kwa karibu miaka elfu moja watu walidhani ni wingu ndani ya mbingu zetu, mpaka mwanaastronomia Edwin Hubble alipopata aina fulani ya nyota zinazopwita humo mwaka 1923, akapima umbali kwa kanuni aliyoipata Henrietta Leavitt, ndipo ikajulikana ni mji mwingine kabisa.

Nigusie jambo. Aya ya 47 ya Sura Adh-Dhariyat inataja mbingu, na wengi siku hizi hufasiri kwamba Mwenyezi Mungu anazipanua. Ulimwengu unapanuka, nafasi kati ya galaksi inaongezeka. Kwa Mwislamu hili si geni.

#25 Mwana wa Ngomeni
Yakhe, hapo twende pole pole. Neno lenyewe la Kiarabu wafasiri wa kale wengi walilichukua kwa maana ya wenye wasaa na uwezo. Kupanua ni maana mojawapo. Mimi naiamini Aya kwa jinsi ilivyo, ila siitundiki kwenye darubini. Darubini ikibadilika kesho nitasema nini?

#26 Katekista
Namuunga mkono Ngomeni. Na sisi tulikuwa na kisa hicho hicho. Aliyesema mapema kwamba ulimwengu unatanuka, na akaunganisha hesabu na vipimo vya galaksi, alikuwa padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, mwaka 1927. Ndiye pia aliyetoa wazo la mwanzo kutoka chembe moja. Mwaka 1951 Papa Pius XII akatoa hotuba iliyoonekana kutumia wazo hilo kuthibitisha uumbaji. Padri mwenyewe hakufurahi. Alitaka nadharia yake iachwe nje ya mambo ya dini, ibishaniwe na wenye hesabu.

Ila na mimi nitie neno: kitabu cha Ayubu kinasema Mungu ameutundika ulimwengu pasipo kitu. Nikisoma #18 nakumbuka hapo. Sisemi ni fizikia. Nasema mtu wa kale aliwaza swali la Mlinzi akiwa na shida zake tele.

#27 Fundi Grenda
Kama nafasi inatanuka, mbona Andromeda nasikia inakuja kutugonga? Ama ndiyo hiyo Kitonga, wengine wanapanda wengine wanashuka?

#28 Bibi Falaki
Kutanuka kunashinda penye umbali mkubwa tu. Kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26, galaksi zinaachana kwa kilomita 70 hivi kwa sekunde, na hata hiyo 70 wanaigombania: wapo wanaopata 67, wapo wanaopata 73, na kila upande unaamini vipimo vyake. Penye majirani wa karibu, mvutano unashinda. Mwanaastronomia Slipher aligundua 1912 kwamba Andromeda inatujia. Ukitoa mwendo wa Jua letu, inakuja kwa kilomita kama 110 kwa sekunde. Mwaka 2012 walitangaza kwamba tutagongana bila shaka baada ya miaka bilioni nne hivi. Utafiti wa 2025 umelegeza kamba: ndani ya miaka bilioni kumi ijayo ni nusu kwa nusu.

Na kugongana kwenyewe si kwa mabati. Chukueni chungwa, liwe Jua, liwekeni Dar. Chungwa la pili, nyota ya karibu kuliko zote, liko kilomita 2,300 hivi, unakaribia Johannesburg. Nyota ziko mbali mbali kiasi hicho. Lakini galaksi? Njia Nyeupe, ndiyo galaksi yetu, ikiwa sinia la pilau lenye upana wa mita moja, sinia la Andromeda liko mita 25. Ukumbi mmoja wa harusi! Kwa kipimo cha miili yao, galaksi zimekaa jirani kuliko nyota zilivyokaa. Kwa hiyo Mlinzi, utupu ulio mkubwa kweli, kwa kulinganisha, umo ndani ya galaksi, unakaa ndani yake.

#29 Nusu Kilo
Hii ya masinia imenimaliza. Nimeishi nikidhani kinyume chake.

#30 Mbishi Daima
Bibi, "nafasi inatanuka" ni lugha tu. Wapo wataalamu wa hesabu za Einstein wanaosema unaweza kueleza mambo yale yale kwa kusema galaksi zinakimbia, nafasi haijafanya lolote. Inategemea umechora vipi mistari yako ya kupimia. Kwa hiyo Aya, Ayubu na ule mfano wa ulimwengu kama donge la maandazi linaloumuka, vyote vinaelezea mistari.

#31 Bibi Falaki
Hilo wanabishana wenyewe na sitajifanya nimelimaliza. Wengi huniambia kutanuka ni rahisi kufundisha. Mimi nilifundisha hivyo.

#32 Kisoda
Mimi nina swali la Kiswahili. Mnasema "utupu, utupu" humu kuna watoto. Bibi yangu wa Bagamoyo neno hilo lilikuwa la kuvaa nguo haraka.

#33 Mwana wa Ngomeni
Hahaha, kweli kabisa. Kwetu pia "utupu" ni uchi. Kwa sayansi semeni "ombwe", ndilo la kamusi. Shida ya ombwe ni kwamba lasikika kama shimo lililotolewa kitu, kwamba palikuwa na kitu kikavutwa. Kati ya galaksi hakuna aliyevuta.

#34 Mdadisi
Lugha yetu ina akili hapa. Hatusemi "kuna utupu kati yao", tunasema "hapana kitu". Ha-pa-na kitu. Pale panatajwa hata wakati kitu kinakanwa! "Pa" ni ngeli ya mahali. Yaani Kiswahili kinakubali mahali, na kinasema mahali hapo hapana kitu. Kiswahili ni upande wa al-Razi na Newton.

#35 Mbishi Daima
Sarufi si fizikia. Kiswahili kinasema pia jua linazama.

#36 Mdadisi
Sawa, lakini ongeza hili. John Mbiti, yule mwanafalsafa na kasisi wa Kenya, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi Waafrika wanavyoona wakati: Sasa inazama ndani ya Zamani kama kwenye bahari kuu. Wapo waliompinga, mwanafalsafa Gyekye wa Ghana mmoja wao, hasa aliposema wakati ujao haupo sana katika fikra zetu. Hilo tuliache. Lakini ukitazama Andromeda usiku, mwanga ule umetoka miaka milioni 2.5 iliyopita. Kati yako na hiyo galaksi hakuna umbali tu, kuna Zamani. Huwezi kuitazama nafasi hiyo ukasema "sasa hivi pale pana hiki". Labda kinachozitenga galaksi, Mlinzi, ni wakati.

#37 Fundi Grenda
Hapa nimeachwa kituoni.

#38 Dereva wa Tunduma
Panda, nipo nyuma yako, mimi pia sijaelewa ila nimependa.

#39 Bibi Falaki
Niongeze moja, nikalale, sukari yangu inapanda nikikesha. Hata ukiondoa chembe zote, hesabu za kwanta, zile za chembe ndogo kabisa, zinasema hapatulii. Mwanafizikia Casimir mwaka 1948 alitabiri kwamba mabamba mawili ya metali yasiyo na chaji, yakiwekwa karibu sana kwenye ombwe, yatavutana. Ikapimwa vizuri 1997, yanavutana kweli. Mlinzi, soma tena: pasipo kitu, yanataka kugusana!

Kisha 1998 timu mbili zilizokuwa zikitazama nyota zinazolipuka zikakuta kutanuka kunaongeza kasi. Nobel ya 2011. Kinachosukuma tumekiita nishati giza, kama asilimia 68 ya ulimwengu wote. Ukiigawa sawasawa, kila mita ya ujazo ina nishati ya uzito wa protoni tatu na nusu hivi, zaidi ya mara kumi ya ile gesi niliyoitaja #5. Yaani pale "patupu" penyewe pana uzito kuliko kilichomo. Ni nishati ya ombwe? Ukikokotoa kwa kwanta unapata jibu kubwa kupita kilichopimwa kwa moja ikifuatwa na sifuri kama 120. Sijawahi kuona mwanafunzi aliyekosa hesabu kwa kiasi hicho, na nimefundisha wengi.

#40 Mbishi Daima
Kwa hiyo tunakubaliana kwamba hamjui.

#41 Katekista
Tunakubaliana kwamba tuna majina mengi.

#42 Mlinzi wa Usiku
Nimesoma yote, zamu nzima. Mwenzangu nimemsomea #39, amesema hayo mabamba ya metali ndiyo yamempa pole, hajasema kakosea.

Swali la mwisho kutoka kwangu. Hizo nafasi za kati hazina hata nyota moja iliyopotea njia?

#43 Mtu wa Maskati
Zipo mkuu. Darubini ya Hubble mwaka 1997 iliona mamia ya nyota kubwa nyekundu ndani ya fungu la Virgo, zisizo za galaksi yoyote. Zilinyofolewa galaksi zilipopitiana karibu. Nyota ikiwa na sayari, usiku wa huko anga lake ni jeusi, nyota za jirani hakuna, kuna madoa madoa ya galaksi tu.

#44 Mlinzi wa Usiku
Mlinzi wa huko ana kazi nyepesi. Hakuna wa kuja.

#45 Mtu wa Maskati
Kwa wanaotaka kuona wenyewe: katikati ya Novemba hii, saa 3 usiku, tokeni nje pasipo na taa. Tazameni kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini: Andromeda, doa hafifu. Kisha geukeni kusini, chini zaidi, mtaona doa jingine, Wingu Dogo la Magellan, galaksi iliyo miaka ya nuru kama 200,000. Huku Maskati hilo la kusini halichomozi kabisa. Nyie wa Tanzania na pwani ya Kenya mnaziona zote mbili kwa saa moja, mkigeuza shingo tu. Mashariki mtaikuta Kilimia imeshapanda, hiyo mnaijua tangu kwa wazee.

#46 Dereva wa Tunduma
Hilo la kusini nimeliona miaka mingi nikilala juu ya lori Makambako. Nilidhani ni wingu lisilosogea.

#47 Bibi Falaki
Linasogea pamoja na nyota. Na nilisema nimelala.

#48 Kisoda
Mwana wa Ngomeni, hiyo Uhuru bado iko juu? Tukaione na yenyewe.

#49 Mwana wa Ngomeni
Iliacha kufanya kazi Machi 1973, ikaanguka na kuungua angani Aprili 1979. Jukwaa lipo.

#50 Fundi Grenda
Umeme umekatika huku Mbagala, nikasema bahati yangu. Nimesimama uani dakika 20 nikitazama doa hafifu upande wa kaskazini, moyo unadunda, nimemwita mke wangu na watoto waje kuona galaksi.

Limeanza kutunyeshea.